Keti Kwanza: Makadirio ya Mtu Anayetaka Kumfuata Yesu

Kila mwaka wanafunzi wapya wa kipaimara wakianza, somo langu la kwanza silifanyii kanisani. Nawatoa nje, tunashuka na barabara ya vumbi mpaka kwenye lami, tunahesabu mapagale, nyumba zilizoachwa katikati ya ujenzi. Mwaka jana tulipata 11. Moja mgomba umeota sebuleni. Jingine limebaki msingi mtupu, mbuzi wanapanda juu kuota jua. Watoto wanajua kila pagale ni la nani, na hapo ndipo utasikia maneno: huyu alikuwa anajidai, yule aliiga ramani ya mjini, yule pesa aliimalizia baa. Wanacheka. Nawaacha wacheke mpaka watosheke, kisha nafungua Luka 14 nawasomea mstari wa 28 hadi wa 30, habari za mtu aliyepiga msingi akashindwa kumaliza, na watu wote waonao wakaanza kumdhihaki. Kicheko kinakatika hapo hapo, kwa sababu wamejisikia wenyewe ndani ya Maandiko, na si upande mzuri.

Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga kwenye miteremko hii ya Mlima Meru kwa miaka 34, na kwa miaka 19 nimekuwa mzee wa kanisa katika KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Theolojia sijasoma. Lakini kukadiria gharama ndiyo kazi iliyonilisha, na nimeona watu wengi wakisimama kwenye mikutano ya injili, wakalia, wakaandikwa majina, na baada ya miezi mitatu ukiwatafuta kwenye jumuiya huwaoni. Tunasema wamerudi nyuma. Wengi wao, kwa jinsi ninavyoona, hawajarudi popote. Waliinuka kabla ya kuketi. Yesu anauliza ni nani asiyeketi kwanza akahesabu gharama, na siku hizi mahubiri mengi yanaharakisha watu wasimame. Kwa hiyo naandika namna ya kuketi.

Soma masharti mwenyewe

Tafuta jioni moja usiyo na haraka. Soma Luka 14:25-33, halafu Luka 9:57-62. Soma mara tatu, kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja: mara ya kwanza upate habari, mara ya pili utafute kinachokuudhi, mara ya tatu uandike kilichokuudhi.

Angalia mambo yanavyoanza. Makutano mengi walikuwa wakifuatana naye, akageuka, akawaambia maneno ya kuwapunguza. Sisi tukipata umati kama ule uwanjani, tungepitisha vikapu vya sadaka.

Ukifika kwenye mnara, usiwaze mnara wa simu. Katika nchi ile mkulima alijenga mnara katikati ya shamba la mizabibu ili alinde mavuno. Utauona katika Isaya 5 na tena katika Marko 12. Ni dungu, lile tunalopanda kufukuza nyani na ndege kwenye mahindi, ila lao lilikuwa la mawe. Maana yake Yesu hakuwa anazungumza na matajiri. Anazungumza na mwenye shamba, mtu ambaye akikosea hesabu ya mawe, kijiji kizima kitaona, kwa kuwa mnara haufichiki.

Nenda ukaone waliokwisha hamia

Fundi hakadirii akiwa nyumbani. Anakwenda eneo la kazi, anachimba kidogo, anashika udongo. Nawe nenda kwa Wakristo wazee wawili au watatu ambao maisha yao unayaheshimu. Usiombe ushuhuda. Ushuhuda wa kanisani mara nyingi umeshapigwa plasta na rangi, na wewe unataka kuona tofali. Uliza hivi: mwaka wa kwanza ulikugharimu nini? Ni gharama gani hukuitegemea? Kuna siku ulitaka kuacha, na ni nini kilikubakiza?

Mimi niliyemuuliza alikuwa bibi mjane aliyekuwa akifagia kanisa letu. Swali la tatu alilijibu huku akiendelea kuchambua maharage. Alisema kuna mwaka mzima hakuwa na imani yoyote, ila alikuwa na zamu ya kufagia, akaenda kwa sababu ya zamu. Jibu hilo limenifaa kuliko semina nyingi.

Daftari

Nunua daftari lenye mistari na penseli. Penseli, kwa sababu bei zinabadilika. Gawa kurasa: Watu, Kazi, Pesa, Muda, Jina. Na mwisho ukurasa mmoja uandike Dharura. Kila fundi mwenye akili anaongeza kitu cha dharura kwenye makadirio yake. Asiyeongeza atamlilia mwenye nyumba kabla ya lenta.

Tuanze na Watu, maana hapo ndipo mstari wa 26 unapochoma. Yesu anasema asiyemchukia baba yake na mama yake na mke wake na wanawe, naam, hata nafsi yake, hawezi kuwa mwanafunzi wake. Mathayo 10:37 inasaidia kuelewa: apendaye baba au mama kuliko mimi. Ni kupima kwa mizani, nani anakwenda juu na nani anashuka siku wanapovutana. Hakutuma mtu akamnunie mama yake, kwa kuwa yeye huyo huyo aliwakemea watu waliokwepa kuwatunza wazazi.

Andika majina. Mbele ya kila jina andika vitu viwili: nitakachokataa kufanya naye, na nitakachoendelea kumfanyia. Kanuni yangu ni kwamba orodha ya pili lazima iwe ndefu kuliko ya kwanza. Baba yangu alipofariki, wazee wa ukoo walitaka nimwage pombe ya ndizi migombani, kama ilivyokuwa desturi yetu kuwaita waliotangulia. Nikasema nitachangia mazishi, nitachimba kaburi, nitalisha wageni siku zote, ila kumwaga sitamwaga. Baba yangu mdogo hakunisalimia kwa miaka miwili. Katika miaka hiyo nilimjengea choo na kumtengenezea paa la jiko, na alikuwa akinionyesha kwa fimbo pa kurekebisha bila kufungua kinywa. Kama orodha yangu ingekuwa na kukataa peke yake, angesema kweli kwamba Yesu ameniharibu.

Ukurasa wa Kazi ndio ulionimaliza mimi, na naona ndio watu wanaouruka. Wanaandika "nitaomba, nitafunga, nitasoma Neno", na jinsi wanavyopata riziki hawaigusi. Kanisa la zamani halikuuruka. Yapo maagizo ya kale yanayohusishwa na Hipolito wa Roma, yanayosema watu wanaojiandaa kwa ubatizo wasikie Neno kwa miaka mitatu, na kwamba kabla ya kuwapokea waulizwe wanafanya kazi gani. Mchonga sanamu aambiwe asichonge miungu, asipoacha, asipokelewe. Hebu fikiria mchungaji wako akikuuliza hivyo leo mlangoni.

Yangu ilikuwa hivi. Mwaka 1996 nilisimamia nyumba ya bwana mmoja aliyeishi mbali, akawa anatuma pesa kwa awamu. Tofali za inchi sita, mfuko mmoja wa saruji ukiwa mwaminifu unafyatua 30 hivi. Mimi nilikuwa nafyatua 50. Mifuko iliyobaki niliiuza jioni, ikasafirishwa kwa toroli. Nilipookoka sikuwa na mpango wa kuifikiria. Niliamini imesamehewa pamoja na mengine. Ila nilipokaa na daftari, mkono ukaandika: mifuko 14. Zakayo alisema atarudisha mara nne, na mimi nikaanza kujadiliana na Mungu kuhusu hiyo nne. Mke wangu aliuliza kama Yesu angekubali mifuko saba kwanza.

Niliuza ndama jike. Nikapanda basi nikamfuata yule bwana na bei ya mifuko yote 14, pamoja na maelezo kwamba kuta za vyumba vya nyuma ni dhaifu, asije akapandisha ghorofa. Alicheka, halafu akakasirika, halafu akahesabu pesa mara mbili. Hakunipa kazi tena. Habari zikasambaa kwamba fundi fulani amekiri wizi, nikakaa miezi minane bila kazi ya maana. Nawaambia wanafunzi habari hii bila kuongeza kitu, na kila mwaka kuna mmoja anauliza, "Halafu Mungu akakubariki vipi?" Anasubiri nimwambie nilipata tenda kubwa. Sikupata. Nililima vitunguu vya watu.

Kwa hiyo ukurasa wa Kazi uandike kwa majina ya vitu. Muuza duka aandike mizani. Bodaboda aandike chenji na bei anayomtajia mgeni. Karani aandike bahasha ya chini ya meza. Mwanafunzi aandike mtihani. Mbele ya kila kitu andika lini kitakoma na nani utamrudishia.

Pesa, kifupi. Zaka ni sehemu ya kumi, hiyo piga hesabu ukiwa nyumbani. Ahadi ya jengo, bahasha, na ule mnada baada ya ibada ambapo mkungu wa ndizi unaweza kupandishwa bei mpaka muuza ndizi sokoni ashangae: usiandike ahadi yoyote ukiwa umesimama. Nimeshaona baba aliyeahidi mbele ya usharika wote, akashangiliwa, na mwezi uliofuata watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa shule. Huyo hakulipa gharama ya kumfuata Yesu, aliwalipisha watoto. Soma Marko 7, pale anapozungumza juu ya korbani, mtu anayesema mali hii ni ya Mungu ili asimsaidie mama yake. Yesu hakuona utakatifu wowote hapo.

Muda: jumuiya alfajiri, ibada, wagonjwa, misiba. Usijidanganye kwamba utaupata, ng'oa kitu uupate. Jina: kuna watu watakuita mlokole kwa sauti ile unayoijua. Andika, pita.

Sasa Dharura. Akeri, si mbali na hapa kwetu, yako makaburi ya Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa shirika la Leipzig la Ujerumani waliouawa usiku mmoja wa mwezi Oktoba 1896, wakiwa ndio kwanza wamefika Meru. Wale walikuwa vijana. Naamini walijua kifo kimo kwenye hesabu. Lakini ukisimama pale usiishie kwao wawili. Jeshi la Wajerumani lilikuja kulipiza, likaua watu wengi wa Meru na Arusha, likachukua mifugo. Hao nao walilipa, na hakuna aliyewaketisha wahesabu. Mwaka 1902 wamisionari wakarudi, wakaanza kituo Nkoaranga, na babu zetu wakabatizwa na kanisa lililofika na historia hiyo mgongoni. Kwa hiyo kwenye Dharura andika maswali mawili: naweza kupoteza nini nisichokitegemea? Na nani mwingine atalipa kwa uamuzi wangu? La pili ongea na mke wako au mume wako kabla hujaongea na mchungaji.

Jumlisha

Ukimaliza, piga mstari chini ujumlishe. Mstari wa 33 umeshakuandikia jibu: asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wangu. Jumla ni vyote. Hapa watu wawili hutokea. Mmoja anafunga daftari na kwenda zake na huzuni, na mimi namheshimu, kwa kuwa amesoma. Mwingine anasema "ndiyo, vyote" haraka haraka. Huyo namrudisha kwenye ukurasa wa Kazi.

Mwaka juzi binti mmoja, ana miaka 14, alinikwamisha. Akasema, "Babu Fundi, huku kwetu nani anajenga akiwa na pesa zote? Baba alipiga msingi 2011, tumehamia 2019. Yesu angemcheka baba?" Darasa likanigeukia. Nami nusu ya nyumba nilizojenga maishani zimejengwa hivyo: msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, kupaua ukivuna, milango ukipata. Jumamosi ile sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo.

Nilikwenda kutazama nyumba ya baba yake. Ukitazama boma la mtu aliyejua anachofanya, utaona nondo zimeachwa zimesimama kwenye nguzo, ndefu kiasi cha kuungia, zimepakwa saruji nyepesi zisile kutu. Amejua hatua ijayo kabla hajaifikia. Lile pagale lenye mgomba halina nondo iliyosubiri kitu. Jumamosi iliyofuata nikamjibu hivi: vyote vya mtoto wa miaka 14 ni vichache, vyote vya mtu wa miaka 40 ni vingi, na bei haijabadilika. Baba yako kila awamu alitoa alichokuwa nacho chote cha awamu ile, na ramani aliiweka kabatini. Alitikisa kichwa kidogo. Sijui kama alikubali au alinihurumia.

Kuna na mfano wa pili pale Luka 14, wa mfalme mwenye watu 10,000 anayejiwa na mwenye 20,000. Zamani nilidhani unarudia ule wa mnara. Siku hizi nausoma tofauti. Kwenye mnara unaulizwa kama unaweza kumfuata. Kwenye vita unaulizwa kama unaweza kumkataa, kwa sababu anakuja na wewe uko nusu yake. Mfalme mwenye akili anatuma wajumbe adui akali mbali. Kuna gharama ya kwenda na kuna gharama ya kubaki, na daftari lako halijakamilika mpaka uandike zote mbili. Wanafunzi wengi walipomwacha, Yesu akawauliza wale kumi na wawili kama nao wanataka kuondoka, Petro hakusema gharama ni nafuu. Aliuliza, "Bwana! Twende kwa nani?"

Baada ya kusema ndiyo

Mwambie mchungaji au mwinjilisti wako, na mtu mmoja zaidi ambaye unaweza kumwonyesha daftari. Kama ni kipaimara, ile ahadi utakayoisema mbele ya madhabahu isome nyumbani wiki nzima kabla, kwa sauti, mpaka isiwe shairi.

Halafu mwagilia. Zege likishamwagwa, kazi ya watu wengi inaisha, wanakunja koleo, wanakwenda kula. Kumbe ndio mwanzo. Siku saba angalau lisikauke, asubuhi na jioni maji, na nguvu yake tunaipimia siku ya 28. Likikauka kwa jua la siku ya kwanza linapasuka vipande vipande hata kama saruji ilikuwa nzuri. Mtu aliyeamua jana asipewe kuongoza kwaya, asipande jukwaani kuhubiri. Paulo alimwandikia Timotheo juu ya mwangalizi kwamba asiwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna. Asome Marko, sura moja kila asubuhi, zipo 16. Aende jumuiya hata siku ambayo hakuna kinachomsisimua. Apewe zamu ya kufagia.

Na kama wewe ni pagale tayari? Nauliza kwa sababu walio wengi wanaonijia si wapya. Mwaka jana alikuja mzee wa umri wangu, tulipata kipaimara pamoja, hakukanyaga kanisani miaka 22. Alitaka kujua kama anabomoa aanze na msingi mpya, abatizwe tena huko mtoni na watu wengine. Nikamwambia ubatizo haujaoza, msingi uko pale pale. Nikamchukua mpaka kwenye boma moja nililoitwa kulimalizia, nikampa nyundo. Kozi mbili za juu za tofali zilikuwa zimelowa mvua miaka tisa, ukizigusa zinamomonyoka. Hizo tukazitoa. Nondo tukazisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Tofali zilizobaki tukazigonga moja moja, yeye akiwa amesogeza sikio ukutani, kwa maana tofali zima lina mlio wake. Ilituchukua asubuhi nzima. Alipofika kwenye kona ya jikoni akasimama, akagonga tena, akaniita nikasikilize.